Mwenye Shimo na Mwenye Mfuko: Historia ya Patro na Mjasiriamali Hapa Kolwezi

Jumapili moja, baada ya ibada, watu wawili walifika kwa mzee wa mtaa wetu wakiwa na hasira. Walikuwa mashemeji, mmoja ameoa dada wa mwenzake. Miezi kadhaa iliyopita, wa kwanza aliuza pikipiki yake, akanunua kamba, mifuko, matochi, bunga na makayabo ya kulisha watu. Wa pili ndiye aliyejua mahali pa kuchimba, akakusanya vijana, akashuka mwenyewe chini. Walichimba udongo mtupu wiki baada ya wiki. Siku mawe yalipoonekana, undugu ukaanza kupasuka.

«Shemeji, shimo ni langu, franka zilikuwa zangu.»

«Hapana, shemeji. Shimo ni langu. Miye njo nilianza, miye njo niliingia mule ndani.»

Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: «Karatasi iko wapi?» Hakuna aliyejibu.

Mimi nilikuwa nimeketi pembeni na daftari langu, kama kawaida. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba ugomvi ule si wa wale wawili peke yao. Ni ugomvi wa mji mzima, na umeanza kabla ya mji kuwepo. Kwa hiyo leo, wasomaji wapendwa, naomba turudi nyuma kidogo pamoja.

Watu wawili tofauti

Hapa kwetu kila mwenye duka, lori au depo tunamwita patro. Neno antreprenere tulilipata kwa Kifaransa, na watu wengi hulisikia kama jina la mtu anayechukua kazi ya kujenga nyumba au barabara. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno zuri zaidi, mjasiriamali, yaani mtu aliye na ujasiri na mali yake. Ujasiri unatangulia katika neno lenyewe.

Mtu wa zamani aliyeeleza jambo hili vizuri ni Richard Cantillon, mzaliwa wa Ireland aliyefanya biashara ya fedha Paris. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1755, miaka mingi baada ya kifo chake. Alisema mjasiriamali ni yule anayenunua kwa bei anayoijua na kuuza kwa bei asiyoijua. Mtu yeyote aliyewahi kununua mifuko ya kobalti shimoni asubuhi na kuipeleka sokoni Musompo mchana ataelewa maneno hayo bila mwalimu.

Patro, yeye, ana kitu ambacho kimekwisha kusimama. Kazi yake ni kukilinda: kulipa watu, kulipa kodi, kuhakikisha kesho duka litafunguka. Mjasiriamali anatafuta kitu ambacho hakijakuwepo, na anaweza kupoteza kila kitu njiani. Mtu mmoja anaweza kuwa wote wawili, asubuhi huyu na jioni yule. Lakini mara nyingi ni watu wawili, na kila mmoja anamhitaji mwenzake. Mwenye mali asiye na ujasiri anakaa juu ya mali yake mpaka iishe. Mwenye ujasiri asiye na mali anachimba shimo la mwingine mpaka azeeke.

Walaji wa shaba

Kabla Mzungu hajafika, shaba ya eneo hili ilikuwa tayari imesafiri mbali. Katika makaburi ya zamani ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, wataalamu wamefukua misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. Misalaba hiyo ilitumika pia kama fedha, ya kununulia vitu na ya kulipia mahari.

Wasanga, ambao nchi yao ni hii tunayoikanyaga, waliitwa walaji wa shaba, yaani watu wanaokula kutokana na shaba. Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Chifu ndiye aliyefungua msimu. Wanawake na watoto waliokota malakiti ya kijani juu ya ardhi, wanaume wakachimba mashimo, wengine wakakata miti migumu ya makaa. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Na juu ya wote alikuwepo fundi mwenye siri ya moto, aliyejua dawa na miiko, na ambaye bila yeye mawe yangebaki mawe.

Tazama vizuri mpango huo. Chifu alikuwa na ardhi, fundi alikuwa na ujuzi, familia zilikuwa na mikono. Shaba ilipotoka, kila mmoja alijua fungu lake, kwa sababu desturi ilikuwa imekwisha kuliandika katika vichwa vya watu. Hawakuhitaji karatasi kwa kuwa wote walikuwa wa kijiji kimoja na wangeonana tena kiangazi kijacho.

Bunkeya: mgeni aliyekuja na bunduki na vitambaa

Kati ya miaka ya 1850 na 1860 alifika mtu kutoka Usumbwa, upande wa Unyamwezi, nchi ambayo leo ni Tanzania. Baba yake, Kalasa, alikuwa amekwisha kuja huku akifuata shaba. Mwana huyo tunamjua kwa jina la Msiri. Alianza kama mfanyabiashara wa msafara, akiwa na bunduki na vitambaa kati ya watu wasio navyo. Akasaidia machifu katika vita vyao, akaoa katika familia zao, na mwishowe akawa mfalme. Mji wake, Bunkeya, ulikuwa soko lenye barabara mbili: moja ya mashariki kuelekea pwani ya Waswahili, nyingine ya magharibi kuelekea Benguela. Shaba, chumvi na pembe za ndovu zilipita pale. Watumwa pia walipita, na hilo tusilifiche.

Msiri ni mfano mkubwa wa mjasiriamali aliyegeuka mwenye mali. Alipokuwa mgeni alihitaji kila mtu, akagawa. Alipokuwa mfalme alidai ushuru na watu, na wale waliomfungulia mlango wakawa chini ya miguu yake. Katika miaka ya 1880 Wasanga waliasi, na njia za biashara zikaanza kufungwa. Tarehe 20 Desemba 1891, watu wa msafara wa William Stairs, waliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II, walimpiga risasi Bunkeya. Walimkuta na ufalme ambao ulikuwa umekwisha kupasuka kutoka ndani.

Kazi njo baba, njo mama

Tarehe 28 Oktoba 1906 ilizaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Ndani yake waliketi pamoja watu wa aina zote mbili. Robert Williams, Mskoti, ndiye aliyezungukazunguka, akatuma watafutaji wa madini na kusukuma reli. Société Générale ya Ubelgiji ilileta fedha na utulivu. Reli ilifika Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Mwaka 1931 reli ya kwenda Angola ilikamilika ikipita huku kwetu, na mwaka 1937 Kolwezi ikaundwa kuwa makao ya migodi ya magharibi.

Kwa hiyo mji wetu haukuzaliwa na soko wala na mfalme. Ulizaliwa na kampuni. Kampuni ilimpa mfanyakazi nyumba, posho ya bunga na samaki, hospitali, shule ya watoto. Wazee wetu waliimaliza habari yote kwa maneno machache: kazi njo baba, njo mama. Maneno hayo yana shukrani ndani yake, na yana kifungo pia. Mtoto wa baba tajiri hatumwi kwenda kutafuta. Vizazi viwili au vitatu vya Kolwezi vilijua kutumia mashine kubwa kuliko nyumba, lakini havikujua kununua na kuuza gunia moja la mahindi kwa faida. Maduka ya mjini yalikuwa ya Wagiriki, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, Waitalia na Wareno. Mwafrika aliyetaka kufanya biashara alikutana na sheria zilizombana na benki ambazo hazikumkopesha.

Hata hivyo walikuwepo waliopenya. Huko Sandoa, ambayo leo iko ndani ya jimbo letu la Lualaba, Joseph Kapenda Tshombe alijenga mali kwa maduka na mashamba, akawa mmoja wa Wakongomani wa kwanza kuitwa tajiri wakati wa Wabelgiji. Mwanawe Moïse, aliyezaliwa mwaka 1919, alirithi biashara. Ikaanguka mikononi mwake, na akageukia siasa. Tarehe 11 Julai 1960 alitangaza kujitenga kwa Katanga, na ulimwengu wote ukamjua. Baba alikuwa na jicho la kutafuta, mwana alipewa funguo za duka. Funguo unaweza kumwachia mtoto, lakini jicho halirithiwi pamoja nazo.

Tarehe 30 Novemba 1973

Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na Serikali. Baadaye kampuni ya taifa ikapata jina la Gécamines, ambalo hata mtoto mdogo wa Kolwezi analijua. Lakini somo kubwa zaidi kwa wafanyabiashara lilikuja tarehe 30 Novemba 1973, Raisi Mobutu alipotangaza zaïrianisation: maduka, mashamba na biashara ndogo za wageni zitapewa wana wa nchi.

Wazo lilikuwa na haki ndani yake. Nani angependa kuona kila duka la mji wake lina jina la mgeni? Tatizo ni namna waliopewa walivyochaguliwa. Wengi walikuwa watu wa chama, wakubwa wa utawala, na ndugu zao. Mtu alilala bila biashara akaamka na duka lililojaa vitu. Akauza sabuni, akauza vitambaa, akauza mafuta. Rafu zilipokuwa tupu hakujua bidhaa ziliagizwa wapi, kwa mkopo wa nani, na kwa uaminifu gani. Alifunga mlango. Mwaka 1976 Serikali ilianza kurudisha sehemu ya mali kwa wenyewe wa kwanza, lakini wengi hawakurudi, na wanunuzi walikuwa wamekwisha kuzoea kukosa.

Huo ndio mwaka ambao nchi nzima ilijifunza kwa uchungu kwamba kuwa mwenye duka na kujua kufanya biashara ni vitu viwili. Unaweza kumpa mtu cha kwanza kwa sahihi moja tu. Cha pili hakitolewi kwa sahihi.

Mwezi wa Mei 1978 waasi wa FLNC waliingia Kolwezi, askari wa Kifaransa wakashuka na parashuti tarehe 19, watu wengi wakafa, na wataalamu wengi wa kigeni wakaondoka. Kampuni ilisimama tena, ikafikia tani zaidi ya 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Lakini faida ililiwa Kinshasa na mashine hazikufanyiwa matengenezo. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1991 uporaji wa askari ulivunja maduka katika miji mingi ya nchi. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu, na stesheni ya treni ya Kolwezi ikajaa familia zilizokuwa zikingoja mabehewa. Pamoja nao waliondoka walimu, makarani, na wafanyabiashara waliokuwa wamejenga nusu ya soko letu. Ni dhambi ya mji, na hasara yake ilihesabiwa pia sokoni. Mwaka 1993 uzalishaji wa shaba ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000.

Baba alipokufa

Mshahara ulichelewa mwezi, kisha miezi, kisha miaka. Baba na mama walikuwa wamekufa, na watoto walibaki na kile tunachokiita Artikle 15: jitafutie. Wanawake ndio walioanza. Waliuza maandazi, makaa, samaki, nguo kuukuu. Waliingia likelemba, kila mmoja akitoa kiasi kwa zamu, ili mmoja wao apate kianzio. Mara nyingi mume bado aliitwa mfanyakazi wa kampuni na mke hakuitwa kitu, ila chakula kilitoka kwa mke.

Kisha mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa départ volontaire. Kila mmoja alipewa fedha kwa mkupuo, tena wengi walikuwa wamedai mishahara ya miaka. Waliambiwa sasa wawe wafanyabiashara. Wengine walinunua gari la taksi ambalo halikufika mwaka, wengine walijenga vibanda vya kuuza vitu vile vile ambavyo jirani anauza. Fedha nyingi zililipa madeni na karo. Zaïrianisation iliwapa watu mali bila ujuzi. Safari hii watu walikuwa na ujuzi mkubwa wa mashine, wakapewa fedha chache kwa kazi nyingine kabisa. Wachache waliofaulu walikuwa wale waliokuwa wameanza kitu kidogo kabla fedha hazijafika.

Wakati huo huo, tangu mwisho wa miaka ya 1990, Serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilikuwa imefungua mlango kwa wachimbaji wa mikono katika shaba na kobalti. Vijana walichukua nyundo na baramini, wakaingia katika mawe ambayo babu zao walikuwa wameyasoma kwa macho. Ndio hao tunaowaita bakrezere. Baba alipokufa, wana walirudi shambani kwa babu.

Shimo moja lina watu wangapi?

Mtu wa mbali akiona mchimbaji mwenye vumbi anadhani kila mmoja yuko peke yake. Sivyo. Shimo moja ni kampuni nzima isiyo na ofisi.

Kuna anayetoa fedha, tunamwita sponsa. Yeye hulipa chakula, vifaa, pampu ya maji, na dawa mtu akiumia. Kuna kiongozi wa shimo, ambaye wengine humwita pedeje kwa utani na kwa heshima. Kuna wanaoshuka chini, kuna wanaovuta mifuko, kuna wanawake wanaoosha na kuchambua. Kuna negosianti anayenunua. Na mwisho kuna depo, mara nyingi ya Mchina, yenye mizani na kile chombo cha kupima kiwango cha madini ambacho wote tunakiita Metorex.

Mjasiriamali hapo ni nani? Sponsa anahatarisha fedha zake, kwa kuwa shimo tupu halirudishi hata franka moja. Mchimbaji anahatarisha uhai wake na siku zake. Negosianti ndiye mtu wa Cantillon kabisa, amenunua bila kujua Metorex itasema nini. Mwenye depo ana mali, ila naye anatazama bei ya London. Bei hiyo ilipita dola 90,000 kwa tani ya kobalti mwezi wa Machi 2018, na katikati ya mwaka 2019 ilikuwa chini ya 30,000.

Tofauti ni kwamba hatari haigawanywi sawa. Bei ikianguka, depo inafunga na mwenyewe anapanda ndege. Mwaka 2008 tuliona hivyo, mabango ya kununua yakabaki yakipigwa na jua bila mtu chini yake. Negosianti anabaki na mifuko na deni, pengine deni la banki lambert, lile la mtaani ambalo riba yake inakula nyumba. Mchimbaji anabaki na njaa. Na shimo likiporomoka hakuna wa kuligawa. Mwezi wa Juni 2019, katika eneo la Kamoto Copper Company, watu zaidi ya 40 walifukiwa. Hakuna sponsa wala depo aliyekuwa chini pamoja nao.

Kasulo: parsele iligeuka mgodi

Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mtu aliyekuwa akichimba shimo ndani ya parsele yake alikuta heterojeniti, jiwe jeusi la kobalti. Habari haikulala. Katika muda mfupi watu walikuwa wakichimba uani, jikoni, hata chini ya vyumba vya kulala.

Kasulo ilituonyesha jambo letu wazi kuliko mahali pengine. Mwenye parsele alikuwa na ardhi, lakini mara nyingi hakuwa na nguvu wala ujuzi wa kuchimba. Vijana walikuwa na ujuzi bila ardhi. Wakaungana: wewe nipe uwanja, mimi nichimbe, tugawane. Wengine walifanya vizuri, wakajenga nyumba mahali pengine na kupeleka watoto chuo. Wengine walikula fedha kwa bia na magari, na nyumba ikabomoka juu ya shimo. Mwaka 2017 jimbo liliweka eneo hilo mikononi mwa kampuni ya CDM, ya kundi la Huayou kutoka China. Familia mia kadhaa zilihamishwa kwa kulipwa, ukuta ukajengwa, na wachimbaji wakaingia kwa geti chini ya koperative ya CMKK. Tangu hapo mnunuzi akawa mmoja. Usalama uliongezeka. Uhuru wa kuchagua wa kumwuzia ulipungua. Mpaka leo, ukiuliza watu wawili wa Kasulo kama ilikuwa heri, utapata majibu matatu.

Jina la koperative hiyo nalipenda, na linastahili kukumbukwa: Maadini kwa Kilimo. Yaani jiwe la leo lilime chakula cha kesho. Tunaponunua bunga la Zambia kwa bei inayopanda kila mpaka unapofungwa, tunaona jina hilo bado ni deni ambalo halijalipwa na mji mzima.

Sheria zinasema nini

Sheria ya madini ya tarehe 11 Julai 2002 iliweka kadi ya mchimbaji na kadi ya negosianti, na zote mbili ni za Wakongomani. Marekebisho ya tarehe 9 Machi 2018 yalimtaka mchimbaji awe ndani ya koperative. Ni wazo jema: kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini koperative ya kweli ni ile ambayo wanachama wanachagua na wanaona hesabu. Zipo nyingi ambazo ni duka la mtu mmoja mkubwa, na mchimbaji hajui hata jina la katibu.

Tuliona mfano mzuri Mutoshi, kuanzia mwaka 2018. Kampuni ya Chemaf ilikubali wachimbaji karibu 5,000 wafanye kazi ndani ya eneo lake kupitia koperative, mashimo yakafunguliwa kwanza na mashine, watu wakavaa kofia na viatu, na wanawake wakaingia kazini kwa uhuru zaidi. Mwaka 2020 korona ilikuja na mpango ukasimama. Mfano ulikuwa mzuri, ila ulisimama juu ya mguu wa mwenye mali. Yeye alipoondoa mguu, wachimbaji hawakuwa na wa kwao.

Mwaka 2019 Serikali iliunda EGC, tawi la Gécamines, iwe mnunuzi wa kobalti yote ya mikono. Mwezi wa Februari 2025 ilisimamisha usafirishaji wa kobalti yote kwenda nje ili bei ipande, na tarehe 16 Oktoba mwaka huo mafungu ya kila kampuni yakaanza. Bei ilipanda kweli. Lakini negosianti mdogo hana ghala la kungojea miezi minane. Anayeweza kungoja ndiye anayekula bei nzuri.

Kuna sheria nyingine ambayo vijana wengi hawaisomi. Ni ile ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance. Inasema kazi ndogo ambazo kampuni kubwa inatoa nje, kama kusafirisha, kupika, kulinda, kusafisha, kushona, zipewe kampuni ambazo mtaji wake zaidi ni wa Wakongomani. Huu ndio mlango ambao patro mkubwa na mjasiriamali mdogo wanaweza kukutana bila mmoja kummeza mwingine. Lakini tumeanza kuuharibu wenyewe. Kuna watu wanaokodisha jina: Mkongomani anaandikwa mwenye kampuni, mgeni anafanya kazi na kuchukua faida, na mwenye jina anapewa bahasha mwisho wa mwezi. Mtu huyo si patro na si mjasiriamali. Amerudia mwaka 1973 kwa mlango wa nyuma.

Na tusisahau mama zetu. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa shughuli za kisheria. Mwaka 2016 ruhusa hiyo iliondolewa. Kwa miaka yote ile mwanamke wa Kolwezi alikuwa mjasiriamali asiyeweza kuwa mwenye mali kwa jina lake mwenyewe. Leo anaweza. Mama mmoja ninayemjua, mwenye malewa karibu na barabara ya Likasi, aliniambia: «Nilipika miaka kumi kwa jina la bwana. Sasa karatasi iko na jina langu, na bwana anakula bure vile vile.» Tulicheka, na mume wake alicheka kuliko sote.

Turudi kwa mashemeji

Mzee wa mtaa hakutoa hukumu siku ile. Aliomba daftari langu, akapasua ukurasa wa katikati. Akamwambia wa kwanza ataje kila kitu alichonunua, na wa pili ataje kila siku aliyochimba na kila kijana aliyemleta. Ilichukua saa mbili. Kisha akawaambia: kwanza gharama zirudi kwa aliyezitoa. Inayobaki itagawanywa, na vijana walioshuka wapewe fungu lao mbele ya ninyi wawili. Kabla ya kuchimba tena, mkubaliane shimo likikauka nani atabeba hasara.

«Lakini mzee, shimo ni la nani?» akauliza yule wa pikipiki.

«Shimo ni la Serikali,» mzee akajibu. «Cha kwenu ni mapatano tu.»

Nimelifikiri jibu hilo tangu siku ile. Tangu tanuru za Wasanga mpaka geti la Kasulo, madini hayajawahi kuwa ya mchimbaji wala ya sponsa kwa muda mrefu. Chifu alikuja, mfalme akaja, kampuni ikaja, Serikali ikaja, depo ikaja. Walichobaki nacho watu wa kawaida, walipobaki na kitu, ni mapatano yaliyoshikwa: fungu linalojulikana, hesabu inayoonekana, neno lililowekwa mapema wakati shimo bado ni udongo mtupu na watu bado wanapendana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kurasa 48 linauzwa katika kila kioski cha Kolwezi. Wale mashemeji wamekwisha kununua lao. Wiki iliyopita niliwaona kwenye pikipiki moja, ya kukodi, wakielekea Musompo na mifuko miwili nyuma.